Baba anataka kuuza shamba nikasome uzamivu

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, naishi Moshi mjini, nyumbani kwetu ni Kibosho. Nina mtoto wa miaka saba, namlea kwa kusaidiana na mama yangu. Nilisoma sosholojia Dar es Salaam, nikaongeza uzamili, na tangu mwaka 2014 kazi yangu ni usaidizi wa utafiti. Wageni wakija kufanya utafiti Kilimanjaro au Arusha, mimi ndiye ninayewafuatia barua mkoani na wilayani, nawapeleka kwa mtendaji wa kata, nawatambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, natafsiri Kichagga na Kiswahili. Mara nyingi mahojiano nafanya mwenyewe wao wakiwa wamekaa pembeni na kinasa sauti. Usiku nachapa.

Watu watatu wamepata udaktari wa anthropolojia, ile taaluma ya kuchunguza maisha na mila za jamii, kupitia madaftari yangu. Sisemi hawakufanya kazi, walifanya. Lakini nikisoma walichoandika nakuta sentensi zangu, tena zile nilizowaeleza kwenye daladala tukirudi mjini. Mmoja aliniahidi tutaandika makala pamoja, makala ikatoka jina langu halimo. Mwingine alinishukuru ukurasa wa mwanzo, ila alikosea herufi mbili za jina langu, nikawa mtu mwingine kabisa. Siku hiyo ndipo niliposema basi, na mimi nitasoma.

Nimeomba chuo kimoja Uingereza na nimekubaliwa. Tatizo ni kwamba hakuna ufadhili. Ada ni pauni 23,000 kwa mwaka, miaka mitatu, na wanataka malipo ya awali mwisho wa mwezi ujao ili washike nafasi. Baba aliposikia alifurahi kuliko mimi. Akasema atauza shamba la porini, ekari mbili tunazolima mahindi na maharage, kuna mtu ametoa ofa ya milioni 48.

Tulikaa kikao cha ukoo. Baba mkubwa akasema shamba la porini si kihamba, yaani si shamba la urithi wa ukoo, linauzika, ila hajawahi kusikia limeuzwa kwa ajili ya msichana. Kaka mkubwa yeye ana kihamba chake tayari, akasema hana neno. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye atakayebaki na nyumba ya baba, akasema tupige kura kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili na walioko Dar na Marekani washiriki. Kura ikapigwa, wengi wakakubali liuzwe. Kaka wa kati hakusema kitu, alitoka nje akaenda kusimama kwenye masale mpaka kikao kikaisha.

Mama yangu anasema, "Utasoma mpaka lini?" Rafiki zangu wanasema udaktari wa anthropolojia hauna ajira, bora nifungue kampuni ya utalii kama wenzangu. Wengine wananitisha kwamba umri umekwenda. Nikiangalia ile barua ya chuo moyo unaruka, nikiangalia tarehe ya malipo naishiwa nguvu. Nifanye nini?

Mkalimani, Moshi


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya sentensi moja. Nitaifikia. Kwanza tumalize habari ya fedha, kwa sababu ndiyo yenye tarehe.

Pauni 23,000 mara tatu ni 69,000. Kwa shilingi hiyo ni zaidi ya milioni 200. Ofa ya shamba ni milioni 48, haifiki hata ada ya mwaka wa kwanza. Juu ya ada kuna viza, na kuna tozo ya afya ambayo mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, nayo hudaiwa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Ukimchukua mtoto, naye analipiwa. Nyumba, chakula na nauli sijagusa. Wala sijagusa gharama ya utafiti wenyewe, kwa sababu ada hailipii wewe kukaa uwandani, yaani kwa watu unaowatafiti, mwaka mzima. Baba yako anafikiri anauza shamba ili binti yake awe daktari. Ukweli ni kwamba anauza shamba ili binti yake akae Uingereza miezi saba au minane, halafu aanze kupiga simu nyumbani.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyotoka tumbo moja. Kuna uzamivu, yaani masomo ya udaktari, wa kuzama kwenye jambo mpaka ulijue chini yake. Kuna uzamiaji, wa wale vijana waliokuwa wakijificha kwenye meli bandarini bila nauli wala karatasi, wakitumaini tu kwamba itafika mahali pazuri. Kwenda na milioni 48 ni hilo la pili.

Halafu kuna jambo ambalo chuo hakikukwambia kwa sababu si kazi yake kukwambia. Katika fani hii, kukubaliwa bila fedha ni nusu ya kukubaliwa. Vyuo vingi hutoa nafasi kwa anayeweza kujilipia, na hupigania wachache ambao wao wenyewe watawalipia. Hao wachache ndio unaotaka kuwa miongoni mwao. Waandikie kwa adabu, uliza kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja wakati unatafuta ufadhili. Wakikataa, iache ipite. Nafasi isiyo na fedha itapatikana tena, shamba halitapatikana.

Sasa sentensi niliyopigia mstari: "Kaka wa kati hakusema kitu, alitoka nje akaenda kusimama kwenye masale mpaka kikao kikaisha."

Wewe ni mtu wa Kibosho, huhitaji kufundishwa na mtu wa Usa River. Lakini hebu nikusomee barua yako mwenyewe. Kaka mkubwa ana kihamba, ndiyo sababu hana neno. Wa mwisho anarithi nyumba ya baba, ndiyo sababu anapendekeza kura. Wa kati alikuwa amebakiwa na nini, kama si zile ekari mbili za porini? Baba yako halipi ada kwa fedha yake, mwanangu. Anailipa kwa fungu la kaka yako ambaye hakuulizwa, na ambaye alikwenda kusimama kwenye majani tunayotumia kuweka mipaka na kuombea msamaha. Sisemi huna haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mimi ni wa kwanza kuipigia makofi. Ila haki yako na fungu la kaka yako yamewekwa kwenye sahani moja, na wenye kushiba ndio waliopiga kura. Mama yako je, aliulizwa? Sijaona kura yake popote kwenye barua.

Jambo hilo la wa kwanza na wa mwisho kupata, na wa kati kutafuta, ndilo mojawapo ya yaliyomweka Sally Falk Moore Kilimanjaro kwa miaka mingi. Yule mama alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, na alipoanza utafiti kwenu mwaka 1968 alikuwa na miaka 44. Kwa hiyo hao wanaokutisha kwa umri waambie wanywe chai. Kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia karne nzima ya sheria za mila za Wachagga, na kinaonyesha kwamba kile tunachokiita mila kilikuwa kikibadilika muda wote, kahawa ilipoingia, mahakama za wakoloni zilipoingia, ardhi ilipopungua. Lakini Moore hakuona ukoo ukipiga kura ya shamba kwa WhatsApp, na binamu wa Marekani akiamua hatima ya ekari ambazo hajakanyaga. Wewe umeona. Umeandika kwa mistari michache, tena vizuri, halafu ukarudi haraka kwenye habari ya ada kana kwamba hayo si kitu.

Hicho ndicho kinachonisumbua kwenye barua yako. Umenieleza umri, mtoto, mama, marafiki, wageni waliokudhulumu. Hujaniambia unataka kutafiti nini. Hata neno moja. Na ndilo swali la kwanza atakalokuuliza kila mtu kuanzia sasa.

Nakuelewa, kwa sababu na mimi nilianza hivyo. Nilipoomba mara ya kwanza niliandika kwamba nataka kutafiti utamaduni wa Wameru na mabadiliko. Vyuo vinne vikanikataa, na vilifanya vizuri. Hilo si swali, hilo ni jina la semina. Mwaka uliofuata nilikuwa nakwenda soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, nikaanza kujiuliza kwa nini akina mama wa ndizi wanakopeshana mtaji mzima bila karatasi, lakini wakikaa kwenye kikoba chao wanaandika mpaka shilingi mia. Watu wale wale, fedha zile zile. Nikaandika hilo tu, kwa lugha ya kawaida. Nilikuwa na miaka 41, nikapata nafasi na posho.

Hasira yako dhidi ya wale watafiti ni ya haki, ila si swali la utafiti. Hasira itakuamsha asubuhi mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne, ukiwa umebaki na sura mbili na hakuna anayekumbuka kwamba upo, kitakachokuamsha ni kitu unachotaka kukijua kweli. Na hili la kuandikwa na wengine si geni mlimani kwenu. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani, aliishi Old Moshi miaka mingi mwanzoni mwa karne ya 20, akaandika vitabu vinene juu ya sheria na maisha ya Wachagga. Ni hazina. Lakini viko kwa Kijerumani, na wajukuu wa waliomsimulia hawawezi kuvisoma. Petro Itosi Marealle naye aliandika maisha ya Wachagga miaka ya 1940, kwa Kiswahili. Soma hawa na mwenzao Moore kabla hujagusa fomu yoyote. Hakuna kinachomchosha profesa kama mwombaji anayeandika kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupanda Kibosho.

Usidhani tena kwamba kuwa mwenyeji kunatosha. Kunafungua milango na kunafunga mingine. Mgeni anaweza kumuuliza baba mkubwa wako swali la kijinga na akacheka akamjibu. Wewe ukiuliza ataona umekosa adabu, au atajiuliza umetumwa na upande gani wa ukoo. Tena sikwambii uandike kesi ya baba yako na kaka zako. Tafadhali usifanye hivyo, mtakutana msibani. Nasema tu kwamba jicho lako limeelekea kwenye ardhi, wasichana wanaosoma na watoto wa kati, na familia zenye hadithi hiyo kuanzia Rombo mpaka Machame hazihesabiki. Yale madaftari ya miaka yote hiyo pia yaache. Watu walizungumza nawe kwa ajili ya utafiti mwingine, waliridhia utafiti ule. Wewe anza daftari jipya.

Sasa njia ya fedha. Marekani ndiko ambako idara nyingi za anthropolojia humlipia mwanafunzi wa udaktari ada na posho, mara nyingi kwa miaka mitano, naye husaidia kufundisha. Maombi hufungwa kati ya mwanzo na katikati ya Desemba, masomo huanza Agosti au Septemba. Wanataka maelezo ya nia yako ya utafiti, sampuli ya maandishi, na barua tatu za wadhamini. Ada ya maombi ni dola mia hivi kwa kila chuo, lakini wengi husamehe ukiomba mapema, kwa hiyo omba. Ni safari ndefu: miaka miwili au mitatu ya madarasa na mitihani, kisha mwaka au zaidi wa uwandani, kisha kuandika. Saba si ajabu, nane pia. Na nisikufiche, miaka ya karibuni idara kadhaa kule zimepunguza nafasi, nyingine zimesimamisha udahili kwa muda. Usiweke mayai yote Marekani.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya udaktari, ila huombi idara, unamtafuta profesa mmoja anayevutiwa na swali lako, ndipo mnatafuta fedha pamoja, likiwemo DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Karibu zaidi kuna Makerere, ambako taasisi yao ya utafiti wa jamii ilianzisha mwaka 2012 uzamivu wenye madarasa kamili unaochanganya fani. Kampala unafika kwa basi na mtoto utamwona likizo. Kuna pia mfuko wa Wenner-Gren wa New York, ulioanzishwa mwaka 1941, ambao kazi yake ni kufadhili anthropolojia. Unao ufadhili kwa Waafrika wanaosoma udaktari Afrika Kusini, na una ruzuku ya utafiti wa uwandani ya hadi dola 25,000 kwa mwanafunzi wa udaktari wa taifa lolote, popote alipo. Hiyo ya pili iweke akilini, utaihitaji ukishaingia chuo.

Kuhusu mtoto, kuna jambo moja zuri ambalo watu wa fani nyingine hawana. Uwanda wako ni nyumbani. Mwenzako wa Chicago akienda uwandani anaiacha familia yake, wewe ukienda uwandani unarudi kwako. Katika ile miaka, mmoja na nusu hivi utalala Kibosho na kulipwa kwa kulala Kibosho. Haifuti miaka mingine, najua. Kaa na mama yako umweleze hesabu hiyo kwa miaka na miezi, maana nadhani "utasoma mpaka lini" si dhihaka. Anauliza atalea mpaka lini, na anastahili tarehe.

Ajira? Rafiki zako hawajakosea sana. Nafasi za kufundisha ni chache duniani kote, na hapa nyumbani vyuo vya umma huangalia GPA ya digrii ya kwanza hata ukija na udaktari mkononi, kwa hiyo toa cheti chako kabatini uangalie kabla hujajenga ndoto ya uhadhiri. Lakini wewe hutoki kwenye ajira ya kudumu. Unatoka kwenye kazi ya mradi hadi mradi, ambayo ikiisha unakaa miezi mitatu unasubiri barua pepe ya Mzungu mwingine. Anayeongoza utafiti na anayechapa usiku hawalipwi sawa, na tofauti yao mara nyingi ni hiyo karatasi. Kampuni ya utalii, sijui. Sijaona kwenye barua yako mahali moyo uliporuka kwa ajili ya utalii.

Kwa hiyo wiki hii mwambie baba ahsante, kwa magoti kabisa, kisha mwambie mnunuzi wa shamba atafute kwingine. Nenda kwa kaka wa kati umwambie mwenyewe, asisikie kwenye kundi la WhatsApp. Halafu andika kurasa mbili za swali lako. Usizipambe.

Zile barua tatu za wadhamini unazo tayari. Watu watatu wamepata udaktari kwa mikono yako, na kama bado wako vyuoni, saini zao ndizo idara zinazotaka kuziona. Hawawezi kurudisha makala, lakini wanaweza kuandika kwa kirefu ulifanya nini: mahojiano mangapi, kwa lugha zipi, hoja zipi ulizitoa wewe. Waombe hivyo hivyo, bila kuzunguka. Anza na yule aliyekosea jina lako. Mwandikie linavyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa sababu safari hii ataliandika kwenye barua ya chuo.